Gorogoro Si Kilo Mbili

"Mwalimu Zacharia, hiyo mizani umeioa, ama bado mnachumbiana?"

Hedimasta alikuwa ameinua kikombe cha chai. Akakirudisha mezani bila kunywa. Ngendo alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja kiunoni, wa pili umenyooshwa kuelekea kabati la chuma lenye kufuli ya ukubwa wa ngumi. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na mizani ya shule, mizani nzuri ya sahani, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Iliingizwa humo siku ilipoletwa, na tangu siku hiyo haikuwahi kupima hata kitunguu.

"Kila muhula nakuja hapa naambiwa ngoja. Watoto wangu wa darasa la pili wanaimba gramu elfu moja ni kilo moja vizuri kushinda kwaya ya kanisa. Lakini mpe mmoja jiwe, mwulize ni zito kama nini, anakuangalia kama ng'ombe akiangalia gari moshi. Hiyo ni hesabu ama ni wimbo?"

"Keti kwanza, Mwalimu."

"Sikukuja kuketi."

"Ya kwanza iliibwa, nikaandikiwa barua kali na ofisi ya elimu. Hii nayo ikipotea, ni mimi nitawekwa kwenye sahani."

"Na Jumanne ispekta akikuja, mimi nitampimia nini? Mdomo?"

"Huo," hedimasta akasema, akiichukua tena chai yake, "utahitaji mizani ya kupimia malori."

Ngendo akatoka. Mlango aliuacha ujifunge wenyewe, na ulijifunga kwa kishindo.

Kuna watu hapa Kamenu waliosema mwanamke yule ana kelele. Waache waseme. Mtu mwenye kitu cha kupoteza hawezi kunong'ona. Ngendo alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka mingi bila cheti cha ualimu, na miaka mitatu kabla ya mwaka huo wa tisini na nne ofisi ilikuwa imetoa neno moja tu: wasiosomea kazi wasome, ama waende nyumbani. Basi akasoma. Wenzake wakifunga shule wanaenda kwao kupumzika, yeye anafunga begi kwenda kwenye kozi ya likizo, Aprili, Agosti na Desemba, akilala bwenini na wasichana wanaoweza kumwita mama. Karatasi zote alikuwa amepita. Kilichobaki ni ispekta kuja kuketi nyuma ya darasa lake, somo moja, na kuandika. Akipita, ni mwalimu wa serikali. Akianguka, ni mama wa nyumbani mwenye chaki kwenye mfuko wa sweta.

Na somo alilopangiwa? Uzito na ujazo.

Usidhani alikuwa mgeni wa vipimo. Alizaliwa Ruiru, kwenye nyumba za wafanyakazi za shamba la kahawa, na alijua debe kabla hajajua herufi. Mama yake alikuwa mchumaji. Jioni wachumaji walipanga mstari na kahawa yao, karani anasimama kando ya debe, na debe likijaa analipiga teke dogo ubavuni. Kahawa inatulia, inashuka, na karani anasema, "Jaza, mama, bado halijashiba." Siku moja Ngendo mdogo aliuliza kwa sauti mstari wote ukasikia: "Maitũ, kwani debe letu lina njaa kuliko la karani?" Mama yake alimfinya mkono mpaka akaruka. Njiani kurudi nyumbani ndipo mama alipocheka, akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi. "Wewe utasoma," alimwambia. "Mdomo kama huo bila masomo utakufunga jela."

Alisoma mpaka ada ilipokatika. Akaanza kufundisha chekechea huko mtaa wa Kahawa Sukari, kwa watoto wanaoletwa na gari, wenye vikombe vya plastiki vya kila rangi vya kuchezea maji. Halafu akaolewa na Muriithi, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika, wakapanga nyumba Kamenu, na shule ya baraza la mji ikamchukua. Hapa hakukuwa na vikombe vya rangi. Kulikuwa na watoto watatu kwa dawati na ubao wenye nyufa. Ngendo alitazama akasema, sawa, hata mimi sikulelewa na plastiki.

Shida yake kubwa haikuwa vifaa. Ilikuwa neno.

Hapa kwetu kila kitu kinapimwa kwa gorogoro, ule mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, mkebe unaenda sokoni kufanya kazi ya pili. Unapima mahindi, maharagwe, viazi, mpaka makaa. Na kwa sababu kiwandani mkebe uliandikwa kilo mbili, yaani kilo mbili za mafuta, watu wote wanauita kilo mbili hata ukijazwa manyoya ya kuku. "Nipe kilo mbili ya mahindi, na kilo mbili ya makaa." Mizani utaiona kwa wauza nyama tu, ile ya sahani mbili. Mtoto amezaliwa akisikia hivyo. Sasa wewe mwalimu simama mbele yake umwambie mkebe ni kitu kimoja na kilo ni kitu kingine. Ngendo alikuwa amejaribu kwa mdomo, na darasa lilimwonea huruma, wakadhani mwalimu hajui bei za soko.

Jumatatu jioni alipita kwa Tausi, mama yake Firdaus wa darasa lake, aliyekuwa akiuza nafaka na makaa kwenye kibanda kando ya barabara.

"Salaam aleikum, Mama Firdaus."

"Waaleikum salaam, Mwalimu. Leo ni maharagwe?"

"Leo ni kukopa. Gorogoro moja ya mahindi na moja ya makaa. Si ya kula. Nataka kuyapeleka shule."

Tausi akaweka mikono juu ya gunia kama mtu anayelinda mtoto. "Shule? Mahindi yangu yamekosa nini ndio yapelekwe shule?"

"Ispekta anakuja kesho kunipima kazi. Yakimaliza somo yanarudi kwako yote, sitapoteza punje."

"Na ukishapewa hicho cheti utaanza kupita hapa bila kusalimia watu."

"Nikipita bila kusalimia, nirushie kaa."

Tausi akacheka, akapima. Mwaka huo mahindi yalikuwa adimu, njaa ilikuwa imepita majuzi tu, na kukopesha gorogoro halikuwa jambo dogo. Ngendo alijua. Aliyabeba kwa mikono miwili.

Jumanne ispekta akafika. Jina lake Bwana Jeconia, mtu mrefu, koti la kijivu, uso usiotoa habari. Alipewa benchi la watoto huko nyuma, akaketi magoti yakimfika kidevuni, kalamu tayari. Hedimasta akasimama mlangoni kama mtu asiyejua kama anaingia au anatoka.

Ngendo alikuwa ameamka mapema akafunga kamba ya katani kwenye boriti, akatundika mpini wa ufagio katikati kabisa, na kila upande akaning'iniza mkebe mmoja mtupu. Mikebe ilikuwa pacha. Mpini ulikaa sawa kama meza.

"Ndung'u," akaita, huku akimimina. "Hapa nimejaza nini?"

Ndung'u alikuwa mtoto wa mama muuza viazi, na mwendo wake ulikuwa wa mwenye duka. "Kilo mbili ya mahindi, mwarimu."

"Na hapa?" Alikuwa ameushikilia mpini kwa mkono usicheze.

"Kilo mbili ya makaa."

"Ni gani nzito?"

Darasa zima likacheka. "Zinatoshana, mwalimu! Zote kilo mbili!"

Kalamu ya ispekta ikatembea. Hakuna mwalimu anayependa kusikia kalamu wakati watoto wote wamekosa kwa pamoja, tena kwa furaha.

Akaachilia mpini.

Mahindi yakashuka pu! Makaa yakapanda karibu yabusu mabati. Halafu Ndung'u akasimama, mikono kiunoni, vile mama yake husimama mteja akimletea noti iliyochanika.

"Mwarimu, hiyo mizani yako ni ya wizi!"

Vicheko vikalipuka. Mlangoni hedimasta akafunika macho. Masikio ya Ngendo yakawaka moto. Kuitwa mwizi mbele ya ispekta, na mtoto ambaye hata kamba ya kaptura hajui kufunga! Mwalimu mwingine angelivuta lile sikio likawa refu. Ngendo akamgeukia Ndung'u.

"Haya. Ukishuku mizani ya mtu sokoni, unafanya nini?"

"Tunaita watu!"

"Tunamwambia arudishe pesa!"

"Mama yangu hugeuza," akasema Firdaus polepole, kwa sababu yeye alikuwa mtoto wa kufikiri kwanza. "Ya huku anaweka huku. Kama ni wizi, itaonekana."

"Njoo ugeuze."

Wakageuza, yeye na Ndung'u, mwalimu akiushikilia mpini. Ngendo akauachilia tena. Mahindi yakashuka upande wa pili, pu, vile vile.

"Ngai!" Ndung'u akasema, na sasa alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna mgeni. Akainua mkebe wa makaa kwa mkono mmoja, akainua wa mahindi kwa mkono wa pili, bega likaenda upande. "Haiya! Kwani hizi makaa zimejaa nini?"

"Zimejaa upuzi!" mtu akajibu kutoka nyuma, na mstari ukajipanga wenyewe, kila mtoto akitaka kuinua. Waliinua, wakapiga kelele, wakabadilishana mikono. "Nzito kuliko." "Nyepesi kuliko." Maneno ambayo Ngendo alikuwa ameyaandika ubaoni muhula mzima sasa yalikuwa yanatoka midomoni kwao bila kusukumwa.

Lakini Ndung'u hakuwa ameridhika. Mtoto wa sokoni haridhiki na nusu ya bei. "Sasa mwarimu. Kama hii si kilo mbili, na hii si kilo mbili, kilo mbili ni gani?"

Mpini wa ufagio unaweza kukuambia nani mzito, lakini kilo yenyewe hauijui.

Ispekta akainua kichwa, akasema neno lake la kwanza tangu aingie. "Hilo ni swali. Mwalimu, shule hii haina mizani?"

Hapo ndipo utamjua mtu. Ngendo alikuwa na ulimi wa kumkata hedimasta vipande na kumpanga kwenye sinia, tena mbele ya mkubwa wake. Hedimasta mwenyewe alijua. Uso wake pale mlangoni ulikuwa umekauka kama jivu.

"Iko, bwana," Ngendo akasema. "Iko ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa anangoja tu nimwite ailete."

Mzee wa watu hakutembea, alikimbia. Funguo zilisikika mpaka darasa la tano. Alirudi ameikumbatia mizani kama mtoto mchanga, bado imevaa nailoni yake, na watoto wote wakanyamaza kusikia nailoni ikichanwa. Akaiweka mezani mwenyewe, akaipangusa kwa mkono wa koti.

Mahindi: mshale ukapita mbili kidogo. Makaa: hata moja haukufika. Ndung'u akausogelea mshale mpaka pua ikagusa kioo.

"Kwa hivyo mama yangu..."

"Mama yako hana makosa," Ngendo akamkatiza upesi, maana aliona hilo neno linakoenda. "Mama yako hauzi kilo, anauza mkebe. Umejaa? Umejaa. Umepata mkebe wako. Mkebe unapima nafasi, mizani inapima uzito. Ni jina tu tuliuharibia. Gorogoro ni nini?"

"Nafasi!"

"Kilo ni nini?"

"Uzito!"

Angeliachia hapo, angekuwa amefundisha vizuri. Lakini ilibaki nusu ya somo, ujazo, na kando ya meza kulikuwa na beseni la maji, vikombe vya chai na chupa za soda tayari. Akaurudisha mkebe wa mahindi mezani, akauliza kama anayefungua tu mlango: "Huu umejaa ama haujajaa?"

"Umejaa!"

"Unaweza kuingia kitu kingine?"

"Hapana!"

Firdaus alikuwa karibu na beseni. Hakuinua mkono, hakuomba ruhusa. Alichota kikombe cha maji, akakimimina juu ya mahindi ya mama yake. Maji yakaingia yote. Hakuna hata tone lililomwagika mezani.

Mdomo wa Ngendo ukafunguka kusema acha. Alikuwa ameyaona yale mahindi, mahindi makavu ya kuuzwa, yakinywa maji kama ng'ombe, na aliyaona magunia ya Tausi, na deni. Lakini Firdaus alikuwa amekodoa macho ndani ya mkebe.

"Haujajaa," mtoto akasema. Halafu kwa sauti: "Mwalimu, tulidanganyika! Haujajaa!"

Ngendo akafunga mdomo. Akamsukumia kikombe. "Mwaga kingine."

Watoto walikuwa juu ya madawati. Kikombe cha pili kikaingia. "Yanaenda wapi?" "Chini!" "Chini kumejaa mahindi, mjinga wewe!" "Yako katikati! Mahindi hazishikani, ziko na vichochoro!" Huyo wa vichochoro alikuwa Ndung'u. Hakuna kitabu kilichokuwa na neno hilo. Na yule mtu mrefu wa koti la kijivu alikuwa ameondoka kwenye benchi lake, amekuja mbele, amechuchumaa kati ya watoto, na kalamu ameiacha nyuma.

"Ongeza," akamwambia Firdaus.

Baada ya somo alimwita Ngendo nje, chini ya dirisha. "Mwalimu, hayo maji uliyapanga?"

"Hapana. Ni mtoto aliyewaza."

"Mimi ningesema niliyapanga." Akakunja karatasi zake. "Nimeona walimu wengi wakiwafunga watoto midomo mambo yakianza kuwa matamu. Wewe ulinyamaza. Nenda kashone gauni la kupokelea cheti."

Ngendo hakulia. Alirudi darasani, akafuta ubao wote kwa nguvu, hata pale ambapo hapakuwa na chaki. Jumapili hiyo alikwenda Ruiru, akamkuta mama yake akipepeta maharagwe, akamwambia, "Maitũ, sasa mimi ni mwalimu, hakuna wa kunifukuza." Mama yake aliendelea kupepeta. Halafu akaita jirani. Halafu jirani wa pili. Kufika jioni mstari mzima wa nyumba za shamba ulikuwa na mwalimu wao.

Na mizani? Kabati halikufungwa tena. Hedimasta aliiweka mezani kwake, na wageni wakija aliwaonyesha kama ndiye aliyeizaa. Darasa la pili waliichukua walipoitaka. Siku moja walipima begi la hedimasta, wakalikuta zito kuliko la mtoto yeyote, na ndani mlikuwa na ndizi.

Lakini deni ni deni. Makaa Ngendo aliyarudisha Jumanne ile ile. Mahindi yalikuwa yamelowa, na mahindi yaliyolowa huwezi kuyarudisha kwenye gunia la mtu, yataozesha mengine yote. Alimwambia Tausi, "Yalilowa kazini, Mama Firdaus. Nitalipa." Hakusema yalilowa vipi wala kwa mkono wa nani. Mtoto akichapwa kwa sababu aliwaza, kesho hawazi tena.

Bahati mbaya kiwanda cha Muriithi kilikuwa kimepunguza kazi, na mahindi yalipanda bei. Tausi naye hakuwa mtu wa kuacha utani ulale njaa. Kila Ngendo alipopita: "Mwalimu! Mahindi yangu bado yanasoma? Yako darasa la ngapi sasa?" Wiki nyingine: "Nasikia yamefika la nane. Yakifaulu mtihani ni mimi nitalipa karo?" Wanawake wa vibanda wanacheka. Ngendo anacheka nao, anasalimia, anapita. Yule Ngendo wa ofisi ya hedimasta! Waliomjua walishangaa.

Hatimaye, mshahara ulipotoka, alinunua mahindi makavu yenye kulia kama changarawe, akayatia kwenye kiondo, akaenda nayo moja kwa moja. Kibandani alikuta kizaazaa. Firdaus alikuwa amesimama juu ya kreti, anamhubiria mteja.

"Si kilo mbili, mama. Ni gorogoro. Hiyo ni nafasi, si uzito."

"Unaona, Mwalimu?" Tausi akalia. "Unaona ulivyoniharibia? Mtu anataka kilo mbili ya maharagwe, huyu anamsomesha mpaka anasahau alikuja kufanya nini!"

"Na hata ikijaa," Firdaus akaendelea, hana habari, "bado haijajaa. Maji yanaingia. Siku ya ispekta mimi ndiye nilimwagia mahindi maji, yakaingia vikombe viwili, na ispekta akaniambia ongeza."

Mkono wa Tausi ukasimama ndani ya gunia.

"Nani alimwaga?"

"Mimi."

"Mahindi gani?"

Firdaus akatazama mwalimu, akatazama mama, akashuka kwenye kreti taratibu.

Tausi akamgeukia Ngendo. "Mwalimu. Siku zote hizi nakuimba hapa barabarani, na mwenye makosa analala kwangu, anakula kwangu?"

"Hakukuwa na makosa, Mama Firdaus. Alikuwa anafanya kazi yake." Ngendo akaweka kiondo juu ya gunia. "Gorogoro moja. Pima."

Tausi hakupima. Alikirudisha kiondo kifuani kwa Ngendo, akakisukuma.

"Beba."

"Deni ni deni."

"La nani? Mtoto wangu amwage mahindi yangu, halafu nikulipishe wewe? Hiyo ni hesabu ya wapi? Beba, Mwalimu, kabla sijabadilisha nia. Na yale makaa ulinirudishia zaidi ya niliyokupa. Niliona. Nilinyamaza tu."

Mteja wa maharagwe akauliza kama atahudumiwa leo au kesho. Ngendo akatundika kiondo begani, akamgusa Firdaus kichwani, akashika njia ya nyumbani kuchemsha githeri ya mahindi na maharagwe.